Siku Kama ya Leo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ubao wa Kijiwe Chetu cha Kahawa, Tanga

Ubao wetu uko Ngamiani, umeegemea ukuta karibu na jiko la kahawa. Kila alfajiri hupanguswa kwa kitambaa kibichi, ikaandikwa tarehe ya leo, na chini yake matukio matatu au manne yaliyotokea tarehe hiyohiyo miaka ya nyuma. Watu wanasoma, wanabishana, wanauliza. Maswali mengi ni yaleyale, na mwandishi wa ubao amechoka kuyajibu huku kahawa yake inapoa. Majibu ndiyo haya.

## Ya mwanzo

"Siku kama ya leo" maana yake nini hasa?

Ni tarehe ileile na mwezi uleule, mwaka mwingine. Basi. Siku ya juma haihusiki. 4 Novemba 1914 ilikuwa Jumatano, 4 Novemba 2008 ilikuwa Jumanne, na zote kwetu ni siku moja. Kila mwaka tarehe husogea mbele siku moja ya juma, na Februari ya siku 29 ikipita katikati husogea mbili. Kwa hiyo mtu akikuambia "ilikuwa Ijumaa kama leo", mwulize kwanza kama amehesabu au amekumbuka tu harufu ya pilau.

Tukio gani linastahili kuandikwa?

Liwe na tarehe inayojulikana, na liwe limewagusa watu wengi au limetokea karibu na sisi. La Tanga, Pangani au Bagamoyo hupewa mstari wa juu hata kama dunia nzima ililala siku hiyo. Harusi za wafalme hatuandiki. Za mtaani pia hatuandiki, tunakwenda kula.

Mbona siku nyingine kuna mstari mmoja tu wa huku pwani, na mitatu ya Ulaya?

Lawama hii tunaipokea. Watu wa pwani walijenga misikiti ya mawe Kaole na Tongoni, wakazika wakubwa wao chini ya nguzo ndefu, lakini siku jiwe la kwanza lilipowekwa haikutufikia. Karne tunaijua, siku hatuijui. Anayetufikia na tarehe kamili mkononi ni nahodha mwenye kitabu cha safari, mmisionari mwenye shajara, au ofisa aliyetakiwa kupeleka ripoti Berlin au London. Ubao wa tarehe humpendelea mwenye kalamu. Tunajitahidi kuupindisha kidogo upande wetu, na namna tunavyofanya iko katika swali la mwisho.

## Tarehe zinazoulizwa kuliko zote

4 Novemba kuna nini hata muiandike kwa chaki nyekundu?

Ndiyo siku ya vita vya Tanga, mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na miezi mitatu tu. Asubuhi ya 2 Novemba manowari ya Waingereza, Fox, ilifika mbele ya mji, nahodha wake akawaarifu Wajerumani kwamba maafikiano ya kutopigana katika bandari hii yamekwisha. Kuarifu huko ndiko kulikowaponza. Wajerumani walipata nafasi ya kuleta askari kwa reli kutoka upande wa Moshi, wakati Waingereza bado wanahangaika kutafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwapo.

Waingereza walikuja na watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na karibu 1,000, wengi wao askari Waafrika. Waingereza walishuka Ras Kasone. Usiku wa kuamkia tarehe 4, Lettow-Vorbeck alipanda baiskeli, akapita mitaa mitupu ya mji na kwenda kuchungulia mwenyewe adui amelala wapi. Mchana wake mapigano yakaingia mashambani na kwenye nyumba za mjini, na jioni Waingereza wakawa wanarudi ufukweni. Tarehe 5 walipanda meli wakaondoka. Waliacha mamia ya bunduki, bunduki za rashasha na risasi zipatazo 600,000, na zaidi ya watu wao 800 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa.

Upande wa Wajerumani alianguka Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani, ambaye miaka ya nyuma alipigana na Mkwawa, kisha akajipatia shamba Usambara. Jina la Sakharani bado liko kule milimani. Majina ya askari Waafrika waliokufa naye siku hiyo ni nadra kuyaona yameandikwa mahali, na hilo ni lilelile la kalamu tulilolisema juu.

Sasa tazama tarehe hiyohiyo kwingineko. Mwaka 1922, huko Misri, wachimbaji wa Howard Carter walifukua ngazi ya kwanza ya kaburi la Tutankhamun, mfalme wa kale wa Misri. 1956 vifaru vya Kisovieti viliingia Budapest kuzima uasi wa Wahungaria. 1979 wanafunzi wa Tehran waliuvamia ubalozi wa Marekani, na Wamarekani 52 wakashikiliwa siku 444. 1995 waziri mkuu wa Israeli, Yitzhak Rabin, alipigwa risasi Tel Aviv. 2008 Wamarekani walimchagua Barack Obama, ingawa kwa saa za Tanga kuna utata (tazama sehemu ya saa na mahali). Siku hiyo ubao haututoshi, tunaandika mpaka kwenye fremu.

Ni kweli Wajerumani waliwafunza nyuki kupigana?

Hapana. Nyuki walikuwako kweli. Mizinga ilikuwa mitini huko mashambani, risasi zikaipiga, nyuki wakatoka na hasira zao. Waliwauma Waingereza na Wahindi wao hadi vikosi vikavunjika, na waliwauma askari wa Mjerumani vilevile. Baadaye ukazuka uvumi kwamba mizinga ilitegwa kwa kamba makusudi. Jenerali aliyeshindwa na watu wachache hukubali upesi zaidi kwamba kashindwa na hila, na uvumi ule ulisafiri mbali kuliko ukweli. Kwa Kiingereza hadi leo vita hivyo huitwa vita vya nyuki, na hapa mtaani pia.

Je, sikukuu zetu za taifa zinaangukia kwenye matukio gani ya nje?

Zipo zinazoshtua. 26 Aprili 1964 ndiyo Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Tarehe hiyohiyo mwaka 1937 ndege za Kijerumani na Kiitalia ziliuteketeza mji wa Guernica, Hispania, na mwaka 1986 mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka. Mlipuko ule ulitokea, kwa saa zetu, dakika 23 baada ya saa sita usiku. Nusu saa nyuma na kwetu ungebaki kwenye 25.

12 Januari tuna Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na Haiti wana tetemeko la 2010. 14 Oktoba 1999 tulimpoteza Mwalimu Nyerere hospitalini London. Uingereza kwenyewe siku hiyo ni ya mapigano ya Hastings, 1066, na mwaka 1964 ndiyo siku kiongozi wa Kisovieti, Khrushchev, alipong'olewa madarakani Moscow.

Nzito kuliko zote ni 7 Aprili. Mwaka 1972 Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi Unguja. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yalianza Rwanda. Na tarehe hiyohiyo, kwa sababu Shirika la Afya Duniani lilianza kazi 7 Aprili 1948, dunia huadhimisha Siku ya Afya. Mwandishi huandika mistari hiyo mitatu pamoja bila kuongeza neno.

Pangani na Bagamoyo hawana siku zao?

Wanazo, na Bagamoyo wamejaaliwa kuliko sisi kwa sababu misafara yote iliishia kwao na mapadri waliandika.

24 Februari 1874 mwili wa David Livingstone uliingia Bagamoyo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo, zaidi ya kilomita 1,500 na miezi kama tisa njiani. Ulilazwa katika kanisa la misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, na mnara wake bado umesimama. Tarehe hiyohiyo mwaka 1966 Kwame Nkrumah, rais wa Ghana, alipinduliwa akiwa safarini Asia, na mwaka 2022 Urusi iliivamia Ukraini.

4 Desemba 1889 msafiri Henry Stanley alifika Bagamoyo na Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana kusini ya Sudani, aliyetolewa bara kwa safari ndefu na vifo vingi. Wajerumani wakawaandalia karamu usiku ule ghorofani. Emin, ambaye macho yake hayakuona vizuri, alitoka dirishani akidhani ni roshani, akaanguka chini barabarani. Hakufa, lakini alilazwa kwa wiki nyingi. Ametoka bara hadi pwani salama, kaangushwa na dirisha la Bagamoyo.

Siku kumi na moja baadaye, 15 Desemba 1889, Abushiri bin Salim al-Harthi alinyongwa Pangani. Ndiye aliyewaongoza watu wa pwani kuwakatalia Wajerumani tangu 1888, na 8 Mei 1889 boma lake karibu na Bagamoyo lilivunjwa na kamanda wa Wajerumani, Hermann von Wissmann. Mwaka mmoja kamili baada ya Abushiri, 15 Desemba 1890, Sitting Bull, kiongozi wa Walakota wa Marekani Kaskazini aliyepinga kunyang'anywa nchi, aliuawa na polisi waliokuja kumkamata. Watu wawili ambao hawakupata kusikiana, na wote wanaingia kwenye ubao mmoja wa Ngamiani.

Na ile vita fupi kuliko zote duniani?

27 Agosti 1896, Unguja. Sayyid Khalid bin Barghash alijitwalia kiti baada ya kifo cha Sultani Hamad, Waingereza hawakumtaka, meli zao zikaanza kupiga jumba la kifalme saa tatu na dakika mbili asubuhi. Hesabu inayotajwa zaidi ni dakika 38. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, wakampeleka Dar es Salaam.

Miaka 13 kamili nyuma, 27 Agosti 1883, mlima wa Krakatoa ulilipuka kule Indonesia. Mshindo ulisikika hadi kisiwa cha Rodrigues katika bahari yetu hii ya Hindi, karibu kilomita 4,800, na waliousikia walidhani ni mizinga ya meli.

## Sadfa, kusudi na kisirani

Mbona matukio makubwa yanaangukia siku moja? Hapana siri?

Siri ni hesabu. Mwaka una siku 365, na historia ina matukio maelfu kwa maelfu. Ukiyamwaga yote kwenye vikapu 365, kila kikapu kitapata mengi. Cha ajabu kingekuwa kikapu kitupu.

Jaribu darasani. Ukiwa na wanafunzi 23, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa ni zaidi ya nusu. Ukiwa na 45, kama madarasa yetu mengi, unafika asilimia 94. Watu hukataa kwa sababu kila mmoja anajifikiria yeye na mwenzake mmoja, kumbe watu 23 wanatoa jozi 253. Mwalimu mmoja mnywaji wa hapa alibisha, akaenda kuwauliza wanafunzi wake siku ileile, akarudi jioni kulipa kahawa ya watu wanne.

Kwa hiyo zote ni sadfa?

Siyo zote. Nyingine watu wamezichagua. Azimio la Arusha la TANU lilitangazwa 5 Februari 1967. Miaka kumi kamili baadaye, 5 Februari 1977, TANU na ASP ziliungana kuwa CCM, na hapo hakuna bahati nasibu. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961, ikawa jamhuri 9 Desemba 1962. Kenya walifanya vivyo hivyo na 12 Desemba ya 1963 na 1964. Serikali hupenda kupandisha sikukuu mpya juu ya sikukuu ya zamani, na ndiyo maana 1 Januari imejaa: Haiti 1804, Sudani 1956, Kameruni 1960. Shaaban Robert naye amezaliwa 1 Januari, mwaka 1909, Vibambani hapa Tanga, lakini huyo hakuna serikali iliyompangia.

Kuna na ya katikati. 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin alikuwa mtu wa kwanza kwenda anga za juu. 12 Aprili 1981, miaka 20 kamili, Wamarekani walirusha chombo chao cha kwanza cha kwenda na kurudi, Columbia. Ungedhani wamepanga. Kumbe kilikuwa kiruke tarehe 10, kompyuta zikagoma, wakangoja siku mbili.

Kuna tarehe zenye kisirani?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya 7 Aprili au 12 Aprili. Hiyo ya 12 ndiyo siku tuliyompoteza Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine kwa ajali ya gari mkoani Morogoro, 1984. Lakini ndiyo hiyohiyo ya Gagarin. Tarehe moja imebeba kilio na furaha, na ukichimba tarehe yoyote utapata vyote viwili. Wanaofuata falaki wana elimu yao na hatushindani nao, ila ubao wetu haupigi ramli.

Wanaopenda maajabu tunawapa la Marekani. John Adams na Thomas Jefferson, marais wa pili na wa tatu, walikufa siku moja, 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu tangazo la uhuru walilolishughulikia pamoja. Miaka mitano baadaye rais wa tano, James Monroe, naye akafa 4 Julai.

## Kalenda zaidi ya moja

Kwa nini Maulidi haina tarehe yake ya kudumu ubaoni?

Inayo, ila kwenye kalenda yake. Maulidi ni tarehe 12 Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, na hapo haijasogea hata siku moja. Inayosogea ni ile kalenda nyingine ukiiangalia kutoka huku. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi unavyoandama, una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka unatangulia kwa siku kama 11 na kuuzunguka mwaka wa jua mzima kwa miaka ipatayo 33. Mwaka 2000 Idi-ul-Fitri ilifika mara mbili, Januari na tena Desemba.

Kona ya juu kushoto ya ubao tunaandika tarehe ya Kiislamu kwa majina yetu: Mfungo Mosi ni Shawwal, Mfungo Pili, Mfungo Tatu ambao ni wa Hija, na kuendelea hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Vijana wengi hawayajui tena. Mwezi ukiandama kwa utata, kona hiyo huachwa wazi mpaka wazee waafikiane.

Na mwaka wa Nairuzi?

Huo ni mwaka wa jua wa mabaharia na wakulima, siku 365, umegawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa kuwa hauongezi siku ya mwaka mrefu, husogea kidogo kidogo. Makunduchi wanausherehekea bado, Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai. Ubaoni hatuutumii, kwa sababu matukio machache sana yametufikia kwa hesabu yake.

Vasco da Gama alifika Mombasa 7 Aprili 1498. Ni 7 Aprili hii yetu?

Siyo. Wareno wa wakati huo walitumia kalenda ya Kirumi ya zamani, iliyokuwa imechelewa. Kwa hesabu ya leo ingekuwa 16 Aprili. Muda mfupi kabla ya kufika Mombasa moja ya meli zake, São Rafael, ilipanda mwamba kusini ya Tanga, upande wa Mtangata. Waliporudi mwaka 1499 waliiteketeza hukohuko kwa sababu mabaharia walikuwa wamekufa wengi, waliobaki hawakutosha meli zote.

Kalenda ilirekebishwa mwaka 1582: baada ya 4 Oktoba ikaja 15 Oktoba. Waliokubali mwanzo ni nchi za Kikatoliki. Waingereza waligoma hadi 1752, Warusi hadi 1918. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi huadhimishwa 7 Novemba. Na ndiyo maana waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania, wote wanaoandikiwa 23 Aprili 1616, hawakufa siku moja: Hispania ilikuwa kwenye kalenda mpya, Uingereza kwenye ya zamani, na kati yao ni siku kumi. Kwa matukio ya kabla ya mageuzi tunaandika tarehe ya wenyewe, na kuweka alama ya nyota.

## Saa na mahali

Tukio la usiku mnaliweka siku gani?

Hapa ndipo vikombe hugongwa mezani. Kwa Mswahili siku huanza jua likichwa. "Usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa hapa ni ule unaofuata magharibi ya Alhamisi. Kwa serikali na magazeti siku huanza saa sita usiku. Mapinduzi ya Zanzibar yalianza usiku ule wa kuamkia 12 Januari, na kwa hesabu zote mbili saa za alfajiri ni za tarehe 12. Shida ni la saa tatu usiku, ambalo mzee atalihesabia kesho na gazeti leo. Tumeafikiana kuandika kwa hesabu ya saa sita, na pembeni "usiku wa kuamkia" fulani. Mzee mmoja hajakubali mpaka leo. Akifika hupangusa neno kwa kidole, tunaliandika tena akiondoka.

Kule ilikuwa jana, huku leo. Mnafuata wapi?

Tunafuata saa za mahali tukio lilipotokea, kisha tunataja za kwetu zikipishana. Obama alichaguliwa 4 Novemba 2008, lakini alipotangazwa mshindi ilikuwa saa moja asubuhi ya tarehe 5 hapa Tanga, watu wanakunywa chai. Kenya, nchi ya baba yake, ilitangaza mapumziko tarehe 6.

Mwezini hakuna saa za wenyeji, kwa hiyo hapo tunajipendelea. Wamarekani wanasema 20 Julai 1969. Chombo kilitua saa tano na dakika 17 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, bado tarehe 20. Neil Armstrong alikanyaga udongo saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri, tarehe 21. Ubaoni tunaandika yote mawili.

29 Februari mnafanya nini miaka isiyo na siku hiyo?

Hatulihamishi tukio. Linangoja zamu yake. Tetemeko lililoubomoa mji wa Agadir, Moroko, na kuua watu zaidi ya 12,000, lilitokea usiku wa 29 Februari 1960, dakika 20 kabla ya saa sita. Huku kwetu ilikuwa tayari 1 Machi, basi miaka ya kawaida tunaliandika 1 Machi na maelezo. Ujanja kidogo, lakini wa halali. Kumbuka pia kwamba 1900 haikuwa na 29 Februari, ingawa yagawanyika kwa nne, na 2000 ilikuwa nayo.

Maandishi mawili yakitofautiana tarehe, mnaamini lipi?

Tunaandika zote mbili na kueleza. Livingstone huandikwa amekufa 1 Mei 1873. Lakini Jacob Wainwright, mmoja wa waliokuwa naye, alichonga kwenye mti pale Chitambo 4 Mei. Stanley alisema amemkuta Livingstone Ujiji 10 Novemba 1871, ilhali shajara ya Livingstone inaliweka jambo hilo mwishoni mwa Oktoba. Homa ilikuwa imemlaza Stanley njiani na siku zikampotea. Livingstone naye hesabu zake zilikuwa zimeyumba. Wazungu wawili wanakutana baada ya mmoja kumtafuta mwenzake nusu ya bara, na hawakubaliani ni lini. Wenyeji wa Ujiji bila shaka walijua mwezi uliandama lini, ila hakuna aliyewauliza.

Na habari iliyochelewa kufika?

Mfano wetu mkubwa ni mwisho wa vita hivyohivyo vilivyoanzia kwenye nyuki. Ulaya bunduki zilinyamaza 11 Novemba 1918. Lettow-Vorbeck alikuwa Zambia ya leo, hana habari, na tarehe 13 watu wake walikuwa bado wanaingia Kasama. Barua ikamfikia, akasalimisha silaha rasmi Abercorn, Mbala ya sasa, 25 Novemba. Tukiandika 11 Novemba "vita viliisha", tunaongeza "kwa waliosikia".

## Makosa na michango

Nimeona mmekosea. Niseme kwa nani?

Mwambie anayemimina kahawa. Chaki iko kwenye kopo la maziwa chini ya ubao. Njoo na pa kuangalia, siyo na sauti tu. Mwaka fulani tuliandika mwezi wa kifo cha Mwalimu kuwa Novemba, na msichana wa darasa la sita aliyetumwa kununua kashata ndiye aliyetusahihisha.

Bibi yangu hajui tarehe yake ya kuzaliwa, anasema tu "mwaka wa nzige". Anaweza kuingia ubaoni?

Anaweza, na hili ndilo swali tunalolipenda. Kona ya chini kulia ya ubao haipanguswi kila siku. Pale huandikwa siku za watu ambao kalamu haikuwafikia: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, masika ya mafuriko, miezi mingapi baada ya Idi. Mlete bibi mwenyewe akiweza, asubuhi kabla jua halijawa kali, kiti kipo. Tunamwuliza mambo matatu: mvua ilikuwa ya masika au ya vuli, nani mwingine alizaliwa karibu naye, na jambo gani lililozungumzwa mjini. Mara nyingine tunaupata mwaka, mara chache mwezi. Siku hatujapata kuipata hata mara moja, kwa hiyo mbele ya jina la mtoto tunaacha mstari mtupu na kuandika mwaka kwa maneno ya mwenyewe. Mmoja aliyewahi kukaa kiti hicho alisema mama yake alizaliwa "nyuki walipowafukuza Wazungu". Huyo tulimhamishia juu, chini ya 4 Novemba, kwa chaki nyekundu.